Mpangaji na Mpangaji: Historia Fupi ya Mitaa ya Naguru na Nakawa

Kila mwaka, tunapofika kwenye somo la maneno yenye maana zaidi ya moja, huwa tunaandika ubaoni neno "mpangaji". Wanafunzi wengi hutoa maana moja tu: mtu anayelipa kodi ya chumba. Wachache hukumbuka maana ya pili: mtu anayeweka mambo katika utaratibu, anayechora ramani na kuamua barabara ipite wapi na watu wakae wapi. Lugha imewaweka watu hawa wawili ndani ya neno moja, lakini katika maisha ni nadra wakutane. Katika makala haya tunakusudia kuwakutanisha, kwa kuangalia historia ya mitaa miwili ya mashariki ya Kampala, Naguru na Nakawa, ambayo nyumba zake za zamani hazipo tena.

Mpangaji mwenye ramani

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimwajiri Ernst May, msanifu majengo Mjerumani, achore mpango wa kupanua Kampala kuelekea vilima vya Kololo na Naguru. Huyu hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Kati ya 1925 na 1930 alikuwa amesimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba mjini Frankfurt, kisha akaenda Urusi ya wakati wa Stalin kupanga miji ya viwanda. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika na kuwa mkulima, na baadaye akafungua ofisi Nairobi. Ripoti yake kuhusu Kampala ilichapishwa mwaka 1947.

Wazo lake lilikuwa kwamba mji ugawanywe katika vitongoji, kila kimoja kikiwa na shule, maduka na viwanja vya wazi, na kati ya kitongoji na kitongoji kuachwe miti na majani. Ni wazo zuri hata leo. Hata hivyo, mpango huo ulifuata siasa ya wakati ule ya kugawa makazi kwa rangi za watu, Mwafrika akae kwake, Mhindi kwake na Mzungu kwake. Sehemu kubwa ya mpango haikujengwa kama ilivyochorwa. Kilichojengwa katika miaka ya 1950 ni mitaa ya nyumba za kupangisha kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, mali ya serikali na baadaye halmashauri ya mji, karibu na eneo la viwanda.

Yafaa tukumbuke sababu. Kwa muda mrefu wakoloni walimwona Mwafrika mjini kuwa mpita njia, mwanamume anayekuja kufanya kazi na kurudi kijijini kwake. Chumba kimoja kilihesabiwa kuwa kinamtosha. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyotoa ripoti yake mwaka 1955, ndiyo iliyosema waziwazi kwamba wafanyakazi wanapaswa kukaa mjini pamoja na familia zao. Kwa hiyo Naguru na Nakawa zilizaliwa katikati ya fikra mbili: ile ya chumba cha mpita njia na ile ya nyumba ya mwenye mji.

Mpangaji mwenye kodi

Upande wa magharibi wa Kampala kulikuwa na Kibuga, mji mkuu wa Kabaka. Huko ardhi ilikuwa ya mailo tangu Mkataba wa 1900, na mwenye nyumba mara nyingi alikuwa Muganda. Mgeni aliyepanga kwake alijifunza Kiganda, maana mwenye nyumba na jirani walikisema. Mashariki mambo yalikuwa tofauti. Mwenye nyumba alikuwa halmashauri, na halmashauri haina kabila wala haisalimiwi asubuhi. Katika safu moja ya nyumba alikaa Mjaluo kutoka Kisumu, Mluhya, Mwacholi, Mteso na Munyoro, na Waganda walikuwa wachache. Hapakuwa na mwenyeji wa kumfuata. Lugha ilibidi itafutwe.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na watu wa mitaa hii kati ya 1962 na 1964, wakati Uganda inapata uhuru, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Aliandika pia makala kuhusu namna wapangaji walivyochagua lugha. Kwa walimu wa Kiswahili makala hiyo ni ya thamani, kwa sababu inaonyesha Kiswahili cha Kampala kikiwa lugha ya majirani. Wenzetu wengi wamezoea kusikia kwamba Kiswahili kiliingia Uganda kupitia kambi za askari, na kwamba raia walikiogopa kwa sababu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Wakati huohuo kilikuwa kinasemwa kwenye foleni ya maji, na watu ambao hawakuwahi kushika bunduki.

Mwaka 1970 serikali iliamuru wafanyakazi wengi kutoka Kenya waondoke. Vyumba vikabadilisha wenyewe, ila mazoea yakabaki.

Tulichokikuta

Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliikuta mitaa hiyo ikiwa imechoka. Kuta zilikuwa zimebambuka rangi, mabomba yalivuja, na vibanda vya jikoni vilikuwa vimeongezwa kila palipokuwa na nafasi. Ramani ya mpangaji wa kwanza ilikuwa imefunikwa na kazi ya mikono ya mpangaji wa pili. Hata hivyo, mambo mawili ya ramani yalikuwa bado yanafanya kazi. Nyumba zilitazamana, na uwanja wa wazi ulikuwa wa wote. Mtoto aliyekosea mchana alikuwa ameshasemwa na mama watatu kabla mama yake hajarudi sokoni, na wote watatu walimsema kwa Kiswahili.

Kilikuwa Kiswahili gani? "Maji iko?" "Hapana, maji imeisha, ngoja kesho." "Mama Okello, hii mtoto yako amekula kwangu." Ngeli zilikuwa zimepunguzwa mpaka zikawa mbili au tatu, na kila mtu alielewa.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Tuliporudi kutoka Dar es Salaam na shahada ya uzamili, tulikuwa na masikio mapya. Tulikwenda kuwasalimia waliotulea, na kabla ya chai kuisha tulikuwa tumeshawasahihisha. Mama mmoja alitusikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hii Kiswahili yako ni ya nani? Nani anaisema hapa?" Tulicheka. Hatukuwa na jibu, wala hatukutoa kalamu kuandika aliyoyasema.

Julai 2011

Mwezi wa Julai 2011 matingatinga yalifika. Familia zaidi ya 1,700 zilitakiwa kuondoka ili pajengwe mji mpya wa kisasa, wenye maghorofa, na wapangaji waliahidiwa kipaumbele katika makazi hayo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Mji huo haukujengwa. Mkataba wa awali ulivunjika, na mgawanyo wa ardhi hiyo kwa wawekezaji wengine ukawa jambo la kujadiliwa bungeni. Kwa miaka mingi nyasi ziliota mahali palipokuwa na vizingiti vya watu.

Wapangaji walitawanyika, kila mmoja akaenda anakoweza kulipa. Wengi waliangukia kwenye ule mzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga kama kinavyoitwa Kampala, katika mitaa ambako Kiganda ndicho lugha ya mwenye nyumba. Wenye uwezo nao siku hizi hununua nyumba katika mitaa mipya yenye ukuta, lango na mlinzi. Mitaa hiyo imepangwa vizuri sana, lakini jirani humjua jirani kwa gari lake, na watoto hucheza ndani ya ua wao.

Funzo kwetu

Uganda ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, ikakifanya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Maamuzi yote hayo ni ya mpangaji mwenye ramani, na tunayashukuru. Lakini Naguru na Nakawa, bila tangazo lolote, zilifundisha Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne, kwa sababu watu waliwekwa mahali ambapo walihitajiana.

Tunapendekeza, basi, kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada za tasnifu wawatafute wakazi wa zamani wa mitaa hiyo na kurekodi mazungumzo yao, bila kuwasahihisha. Wazee wale wanapungua kila mwaka. Nyumba zao tulishindwa kuzihifadhi. Namna yao ya kusema tunaweza kuihifadhi, tukianza muhula huu.