Vielea: neno la kile kinachokimbia jicho likikitazama

Upande wa Mpui, huku kwetu Ufipa, mama mmoja wa makamo alikuwa akipepeta ulezi nje ya nyumba yake. Akasimama, akapangusa jicho kwa ncha ya khanga, akapepesa, akapangusa tena. "Mwanangu, hebu nitazame, kapi limeingia." Nikamfunua kope mbele ya mwanga. Jicho lilikuwa safi. Yeye bado alikuwa akiliona: kauzi keusi kanashuka taratibu, na kila akikafuata kanakimbia. Nilijua ni nini, maana na mimi ninako. Nilichokosa ni neno la kumwambia.

Majina ya mitaani yapo. Wengine husema uchafu, wengine nywele, wengine buibui, wengine wadudu. Kila jina lina mahali pake linapompeleka mgonjwa. Mwenye "uchafu" huosha jicho hadi linavimba. Mwenye "wadudu" hutafuta dawa ya minyoo. Na huku kwetu, ambako jina lenyewe la Sumbawanga kwa Kifipa ni agizo la kutupa uchawi, hawakosekani watakaosema mtu ametupiwa kitu, na majani yakamuliwe jichoni. Hilo la majani linanitisha kuliko mengine yote, kwa sababu linaweza kuharibu kioo cha jicho ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Waandishi wa Kilatini nao waliona wadudu: waliviita nzi warukao, na Wafaransa wanasema hivyo hadi leo.

Hakuna nzi wala kapi. Nyuma ya lenzi jicho limejaa ute mzito unaopitisha mwanga, mfano wa ute wa yai bichi. Karibu wote ni maji, na umeshikwa na nyuzinyuzi nyembamba sana za kolajeni. Miaka inavyokwenda ute huyeyuka sehemu sehemu, na nyuzi zile hushikana zikawa vifundo. Mwanga ukipita, kifundo hutupa kivuli chake juu ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Kivuli hicho ndicho yule mama alichokiona. Ukigeuza jicho, ute nao unatikisika na kivuli kinahama. Ndiyo maana hakikamatiki. Na uwanda wa Ufipa, karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, nyasi tupu na anga pana, ni mahali pazuri mno pa kukiona: mwanga mkali hubana tundu la mboni, na kivuli hutoka na kingo kali. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo mtu yuleyule anaweza asione kitu.

Basi tukiite nini? Kwa muda nilipenda "kivuli cha jicho", kwa sababu kinasema ukweli wa jambo. Nimeliacha, na sababu nitaieleza hivi punde. Ninalolishika ni kielea, wingi vielea, kutokana na kuelea. Najua kitenzi hiki kina mizigo: mtumbwi huelea, somo humwelea mwanafunzi, na mwenye kichefuchefu husema moyo unamwelea. Hata hivyo mtu akiambiwa "kuna kitu kinaelea machoni" anaelewa mara moja kwamba kinahama, na kuhama huko ndiko daktari anakotaka kusikia habari zake.

Maana kuna kivuli kingine, ambacho hakielei. Mtu akifika miaka hamsini, sitini hivi, ute ulionywea hubanduka kutoka kwenye retina. Kwa walio wengi hubanduka salama. Kwa asiyeona mbali, aliyepigwa jichoni au aliyepasuliwa mtoto wa jicho, jambo hili huweza kuja mapema. Lakini mahali uliposhikamana sana, ute huweza kuivuta retina na kuichana. Hapo vielea havizuki kimoja kimoja, vinamwagika kama masizi yaliyopeperushwa, na pembeni mwa jicho mtu huona vimulimuli hata gizani. Kati ya wanaopatwa na dalili hizi kwa ghafla, takriban mmoja kati ya kumi, au zaidi, hukutwa na mchaniko. Maji yakipenya kwenye mchaniko, retina inabanduka ukutani, na mgonjwa huona pazia jeusi likiingia kutoka upande mmoja. Pazia hilo ni kivuli pia, ila halikimbii. Linabaki na kupanuka. Ndiyo sababu nisingependa neno moja, kivuli, libebe yote mawili.

Kuchanika huku hakuumi hata kidogo. Retina haina hisia ya maumivu, na hapo ndipo watu wetu wanapopotezea siku: shambani jicho lisilouma huonekana linaweza kusubiri mavuno. Mchaniko ukiwahiwa huzibwa kwa leza, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Retina ikishabanduka, ni upasuaji mkubwa, wa hospitali kama Muhimbili, CCBRT au KCMC, na kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo dalili hizi zikikujia ghafla, anza na kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, siku ileile, wapime na wakupe rufaa. Mwenye kisukari anayeona moshi au utando mwekundu ghafla naye asingoje. Huenda damu imevuja ndani ya ute.

Vielea vya zamani, viwili vitatu, visivyoongezeka, havina dawa ya matone na havihitaji. Ubongo huvizoea. Vya yule mama vilikuwa hivyo. Alivikumbuka tangu mtoto wake wa mwisho alipoanza shule. Bado nilimwomba akapimwe, kwa kuwa hakuwahi kupimwa macho. Ukienda kupimwa, watakutia dawa ya kutanua mboni ili waone nyuma kabisa, na kwa saa kadhaa utaona ukungu, hivyo nenda na mtu wa kukurudisha, usiendeshe pikipiki mwenyewe. Na ukifika kwa daktari usiishie kusema macho yananisumbua. Mwambie ni jicho lipi, vielea vilianza lini, ni vichache au vimemwagika, unaona vimulimuli au huoni, na kama kuna kivuli kisichohama, kimeingilia upande gani.