Ini Lililozikwa Likiwa Hai: Historia ya Elimu ya Mmeng'enyo wa Chakula



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu waheshimiwa, tangu alfajiri hatujala wala kunywa, na bado akili zinafahamu na viungo vinatii. Je, ni nini kinachotuendesha? Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya ini, na wanadamu walichukua zaidi ya miaka 1,600 kulipata.

Tuanze na Jalinus, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2. Yeye alifundisha kuwa chakula hupikwa kwanza tumboni kikawa uji mweupe, kisha uji huo huchukuliwa na mishipa ya utumbo hadi kwenye ini, na huko ndiko damu inakotengenezwa. Hayakuwa maneno ya kubahatisha. Ukimpasua mnyama utaona mshipa mkubwa unaokusanya damu ya tumbo na matumbo na kuingia katika ini. Na ini lenyewe kwa rangi yake lafanana na damu iliyoganda. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyapanga mafundisho hayo katika kitabu chake cha Qanun, akaeleza mipiko minne: tumboni, katika ini, ndani ya mishipa, na mwisho katika viungo vyenyewe. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, kikasomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Lakini wanavyuoni wetu hawakuufanya ustahi kuwa upofu. Abdul-Latif al-Baghdadi alikuwako Misri wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1200. Alichunguza mifupa mingi ya maiti, akaona kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, ilhali Jalinus alisema ni miwili. Akashikamana na alichokiona. Naye Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alipokuwa akiisherehesha Qanun alikanusha kuwa damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo, akasema kuwa hupitia mapafuni. Wote wawili waliwaheshimu waliowatangulia, na wote wawili walipima.

Zamu ya ini ilifika mwaka 1622. Gaspare Aselli, tabibu wa Italia, alimpasua mbwa aliyekuwa amekula, akaona vijishipa vyeupe vimetapakaa kandoni mwa utumbo, vimejaa kitu kama maziwa. Alipompasua mbwa mwingine mwenye njaa hakuviona. Akamlisha mwingine, vikaonekana tena. Aselli bado alidhani vinakwenda kwenye ini. Mwaka 1651 Jean Pecquet wa Ufaransa alionyesha kuwa havifiki huko: maji yale meupe hupanda kwa njia ya peke yake kifuani na kumwagika katika mshipa wa damu ulio karibu na shingo. Miaka miwili baadaye Thomas Bartholin wa Copenhagen akatangaza kuwa utawala wa ini umekwisha, akaliandikia hata maneno ya kaburini, kwa mzaha.

Kumbe amezikwa aliye hai. Mwaka 1848 Claude Bernard, huko Paris, aliwalisha mbwa nyama tupu isiyo na sukari, na bado akakuta sukari katika damu inayotoka kwenye ini. Baadaye aliliosha ini kwa maji yaliyopitishwa katika mishipa yake mpaka sukari yote ikatoka. Akaliacha, na kesho yake akakuta sukari mpya. Basi ini lina akiba. Mwaka 1857 aliieleza akiba hiyo, akaiita glikojeni. Ini huweka sukari tunapokula, na huitoa kidogo kidogo tunapofunga, ili ubongo usikose riziki yake. Ikabainika kuwa Jalinus alikosea kuhusu utengenezaji wa damu, lakini hakukosea kuhusu njia: mafuta mengi hupita njia nyeupe, na sukari huingia katika ini kwa mshipa ule ule alioutaja.

Ndugu zetu, historia hii inatuhusu humu ugenini, ambako Ramadhani ikiangukia kiangazi funga hupindukia saa 17. Wako miongoni mwetu wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Dawa hizo zaweza kuishinda akiba ya ini, sukari ikashuka mno, na mtu akazimia. Wengine huacha dawa kimya kimya kwa kuona haya kuonekana wanakula mchana, au kwa kuambiwa kuwa funga inatibu kila kitu. Huko ni kufuata bila kupima. Sharia imempa mgonjwa ruhusa, na ruhusa si aibu. Tumwone daktari kabla ya mwezi kuandama, na tusimkate maini mzee wetu aliyeambiwa asifunge.

Waliotutangulia walimheshimu mwalimu na wakaliangalia jambo lenyewe. Tuiangalie nasi miili yetu, kwani ni amana tutakayoulizwa. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.