Kopo na sharubati

Kopo tumelichukua kwa Wareno, walioishika Maskati tangu 1507 hadi walipofukuzwa 1650. Kwao *copo* ni bilauri. Leo kopo ni bati la kinywaji lililofungwa kiwandani, baridi, tayari kunywewa, na mwenye haraka katika joto la Matrah, Oman, ana haki ya kulipenda. Sharubati ni neno la Kiarabu, la mzizi wa kunywa, nalo linadai tunda, mkono wa mkamuaji na subira. Mimi niko upande wake. Oktoba 2020 Oman ilianza kutoza ushuru wa asilimia 50 kwa vinywaji vilivyotiwa sukari. Maji halisi ya matunda hayamo. Sheria imevitenganisha. Nasi tafadhali, cha kopo tusikiite sharubati.