Nani Alimfundisha Profesa Kufundisha?

Wacha nianze na swali rahisi. Ili ufundishe darasa la tatu hapa Kenya lazima upitie chuo cha ualimu, ufanye mazoezi ya kufundisha huku mtu amekaa nyuma ya darasa na kalamu anakukagua, kisha usajiliwe na TSC. Je, ili ufundishe mainjinia watakaojenga daraja unalovuka na matatu kila asubuhi, unahitaji nini? Digrii kubwa ya uhandisi. Basi. Kufundisha kwenyewe utajua ukifika mbele.

Kama umesomea uhandisi unajua ninachosema. Nimekaa kwenye ukumbi ambapo mhadhiri aliandika ubao mzima saa mbili, ametupa mgongo, akafuta, akaandika tena, akaenda zake. Alikuwa mtu mwenye akili kali, hilo sibishani. Lakini sisi tulitoka pale na noti tu. Mtihani ulipofika, wengine walitegemea mwakenya na wengine maombi.

Sasa, hili si tatizo la Kenya pekee na si la juzi. Wamarekani walikutana nalo zaidi ya miaka 130 iliyopita. Dawa waliyoichagua ilikuwa kitu cha kawaida sana: mkutano. Hadi leo, kila Juni, maelfu ya watu wanaofundisha mainjinia wanakusanyika mji mmoja. 2023 walikuwa Baltimore, 2024 Portland, 2025 wakavuka mpaka hadi Montreal, Kanada. Chama chao kinaitwa ASEE, yaani Jumuiya ya Marekani ya Elimu ya Uhandisi. Hawaendi kuonyeshana madaraja waliyojenga. Wanaenda kuulizana: tunafundisha aje, na mbona wanafunzi hawashiki?

Historia ya huo mkutano ni tamu kuliko unavyodhani, na kuna mahali inatugusa sisi moja kwa moja. Twende polepole.

Zamani Marekani injinia alikuwa mtu wa kujifunzia kazini. Mfereji wa Erie, ulioanza kuchimbwa 1817 na kumalizika 1825, ulisimamiwa na watu ambao wengi wao hawakuwa wamesomea uhandisi popote. Walijua kupima ardhi, mengine wakayajulia kwenye matope. Kwa viwanda vya mashine ilikuwa hivyo hivyo. Kijana anaanza kwa kufagia, anashika tindo, anashika mashine, miaka inapita anakuwa bosi. Ukitaka picha kamili, nenda Kamukunji uangalie vijana wanavyojifunza kukunja mabati kwa kumtazama mzee. Ni mfumo uleule.

Halafu mwaka 1862 Rais Lincoln akatia sahihi Sheria ya Morrill. Majimbo yalipewa ardhi ya serikali yaiuze, pesa zijenge vyuo vya kilimo na ufundi. Tusisahau ardhi hiyo ilikuwa ya nani: nyingi ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji asilia wa Marekani. Shule za uhandisi zikaota kama uyoga baada ya mvua. Na hapo vita ikaanza. Wenye viwanda walisema vijana wa chuo ni watu wa vitabu, hawawezi hata kunoa patasi. Maprofesa wakajibu kwamba mtu asiyejua hesabu atajenga boila ilipuke.

Kulikuwa na majaribio ya kupatanisha hizo pande mbili. Mwaka 1876, kwenye maonyesho ya Philadelphia, John Runkle wa MIT aliona kazi za wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Moscow. Warusi walikuwa wameugawa ufundi vipande vidogo vidogo, zoezi moja baada ya jingine, hata mwalimu mmoja aweze kufundisha kundi zima kwa wakati mmoja. Runkle akabeba wazo hilo nyumbani. Lakini kila chuo kilikuwa kinajipikia chake, na hakuna aliyejua jirani anapika nini.

Ndipo tunafika Chicago, 1893. Yalikuwa maonyesho makubwa ya dunia ya kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika. Kivutio kikuu kilikuwa gurudumu la chuma la urefu wa mita 80 hivi, karibu robo tatu ya KICC, lenye vyumba 36 na kila chumba kinabeba watu 60. Piga hesabu: watu 2,160 angani kwa mpigo. Aliyelibuni ni George Ferris, kijana aliyemaliza chuo cha uhandisi cha Rensselaer mwaka 1881. Kama ulikuwa unataka ushahidi kwamba mtu wa chuo anaweza kazi, ulikuwa unazunguka pale juu mchana kutwa.

Pembeni ya sherehe hiyo kulikuwa na kongamano la mainjinia, na ndani yake kikundi kimoja kikapewa mada ya elimu. Walijadili mambo ambayo mwanafunzi wa leo angeyatambua mara moja: anayeingia chuo awe anajua nini, hesabu ifundishwe vipi, karakana ipewe saa ngapi. Walipomaliza waliona utamu wa kuongea, wakaunda Chama cha Kuendeleza Elimu ya Uhandisi na kumchagua De Volson Wood kuwa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1946 chama hicho ndicho kikageuzwa jina kuwa ASEE.

Lakini ngoja. Kwenye maonyesho hayohayo, upande wa burudani, kulikuwa na kijiji cha watu wa Dahomey, nchi tunayoiita Benin leo. Waafrika waliletwa wakae pale watazamwe na wanaolipa kiingilio. Wamarekani weusi nao walikuwa wameachwa nje ya maandalizi, hadi Ida B. Wells na Frederick Douglass wakatoa kijitabu cha kueleza dunia kwa nini hawamo. Kwa hivyo picha ya 1893 ni hii: mezani wapo maprofesa wanajadili jinsi ya kumlea injinia, na sisi tuko kwenye maonyesho, tunatazamwa kama vioja. Shikilia hiyo picha, tutairudia.

Baada ya hapo chama kilianza tabia moja ambayo naiheshimu sana: kujichunguza. Ripoti maarufu ilitoka 1918, imeandikwa na Charles Mann. Mainjinia zaidi ya 7,000 waliulizwa ni nini kinamfanya injinia afaulu. Wewe ungejibu nini? Hesabu? Fizikia? Matokeo yalikuwa hivi: tabia ya mtu, asilimia 24. Uwezo wa kuamua vizuri, 19.5. Uchapakazi, 16.5. Kuelewa watu, 15. Ujuzi wa misingi ya sayansi, 15. Ufundi wenyewe wa kazi, 10, mkiani kabisa.

Manze, 1918! Mainjinia wenyewe, watu wa chuma na saruji, wanasema mambo mawili waliyokuwa wanapewa darasani yakijumlishwa ni robo tu ya kazi.

Kisha kati ya 1923 na 1929 William Wickenden akaongoza uchunguzi mwingine mkubwa zaidi. Katika kipindi hicho ndipo chama kilifanya jambo ambalo lingewashtua wahadhiri wengi hadi leo: kuanzia 1927 wakaanzisha shule za likizo, na waliokaa kwenye madawati walikuwa maprofesa. Profesa anakaa chini, anaonyeshwa na wenzake jinsi ya kufundisha somo lake. Nadhani hapo ndipo swali la kichwa cha habari hii lilipata jibu lake la kwanza la kweli. Nani alimfundisha profesa kufundisha? Profesa mwenzake, akiwa amekubali kuitwa mwanafunzi.

Sasa turudi kwenye ile picha. Miaka hiyohiyo ambayo Wickenden anazunguka vyuoni akiuliza injinia apewe sayansi kiasi gani, tume nyingine kutoka Marekani ilitua hapa Afrika Mashariki. Ni 1924, Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Jones aliwahi kufanya kazi Hampton, chuo cha Marekani kilichosifika kwa kuwafunza weusi kazi za mikono. Ushauri wake kwa serikali za kikoloni ulikuwa wa mkondo huohuo: elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, ufundi, afya na maisha ya kijijini. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kufunza walimu wa vijijini kwa mtindo huo.

Angalia huo ujanja. Kule kwao, mikono na vitabu ulikuwa mjadala: watu wanabishana, wanapima, wanabadilisha maoni. Huku kwetu ukaja kama jibu lililokwisha pikwa. Wewe Mwafrika, chukua mikono. Vitabu vina wenyewe.

Na sisemi kazi ya mikono ni mbaya. Fundi wa Gikomba ananifunza mengi kuliko slaidi nyingi nilizowahi kuona. Ubaya ni pale mtu mwingine anapokuchagulia, na hukuwa mezani.

Babu zetu hawakukubali hivi hivi. Mbiyu Koinange alifika Hampton yenyewe mwaka 1927, akapita pale, akaendelea na masomo hadi Columbia, New York. Aliporudi aliongoza chuo kilichofunguliwa Githunguri mwaka 1939 kwa michango ya wananchi. Kilikuwa chuo cha nini? Cha walimu! Alielewa kwamba ukitaka kubadilisha anachopata mtoto, anza na anayesimama mbele yake. Serikali ya kikoloni ilikifunga wakati wa Hali ya Hatari. Ile Royal Technical College ya Nairobi, iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilianza kupokea wanafunzi 1956. Ni miaka 63 baada ya ule mkutano wa Chicago.

Kule Marekani ngoma iliendelea. Ripoti ya Grinter ya 1955 ikavuta upande wa sayansi na hesabu. Karakana na uchoraji vikapungua, nadharia ikajaa. Kufikia miaka ya tisini waajiri wanalalamika: hawa vijana wanajua hesabu lakini hawawezi kufanya kazi na wenzao wala kuandika ripoti inayosomeka. Vigezo vipya vya kuidhinisha kozi, vilivyoanza kutumika karibu na mwaka 2000, vikadai mhitimu ajue pia kufanya kazi kwa kikundi, kujieleza, na kuwa na maadili. Unaona? Wamezunguka na kurudi palepale Mann alipowaacha 1918.

Kuna atakayesema: kwa hivyo huo mkutano ni wa kupiga domo tu, miaka mia na hawajamaliza. Mimi naona tofauti. Jibu haliwezi kuwa moja milele kwa sababu kazi yenyewe inabadilika. Faida ya mkutano ni kwamba ugomvi unafanyika hadharani, unaandikwa, na mwaka ujao mtu anaweza kukuuliza: ulisema utajaribu vile, ikawaje?

Hapo ndipo naona tunakosea tunapoiga. Huwa tunachukua matokeo yao na kuacha mazoea. 8-4-4 ilikuja 1985 na useremala na sanaa, wazazi wakachangishwa kujenga karakana, na shule nyingi zikabaki na karakana zisizo na vifaa. Sasa ni umahiri na STEM. Maneno ni mazuri, hata Mann angeyapigia makofi. Lakini mwalimu amefundishwa wapi kuyafundisha, na nani anakaa naye kila mwaka kumuuliza inaendaje?

Kwa vyuo vikuu, Sheria ya Wahandisi ya 2011 iliipa Bodi ya Wahandisi kazi ya kuidhinisha kozi. Sawa kabisa, lazima mtu akague maabara na idadi ya saa. Lakini kozi inaweza kutimiza kila kitu kwenye karatasi na bado ukumbi ukawa na mtu aliyetupa mgongo.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, halihitaji mkopo wa IMF. Idara za uhandisi zikutane kila mwaka kwa ajenda moja tu, kufundisha. Si karo, si vyeo, si majengo. Kila mhadhiri aje na somo moja lililomshinda na aseme alijaribu nini. Na kwa sababu tunajua kilichotokea kwa wasiokuwa mezani 1893 na 1924, viti viwili viwekwe mapema: kimoja cha mwanafunzi aliyerudia hiyo kozi, na kingine cha fundi wa jua kali anayefunza vijana bila ubao.

Wewe uliye kampasi sasa hivi, muulize mhadhiri wako kwa heshima zote: mara ya mwisho alikaa na wenzake kujadili jinsi ya kufundisha somo lake ilikuwa lini? Niletee jibu lake.