Bei Khiyari: Mkopo Uliovaa Nguo ya Biashara

Ndugu Waislamu, yako maneno mawili ambayo watu wetu huyachanganya: haramu na batili. Mtu ambaye Ijumaa imemlazimu akiuza kanzu baada ya adhana mbele ya hatibu, ametenda haramu. Walakini katika madhehebu yetu ya Shafi bei hiyo imesihi, na kanzu ni mali ya mnunuzi. Dhambi ni jambo moja, kuharibika kwa akdi ni jambo jingine. Bila ya kulifahamu hili hatuwezi kuyafahamu yaliyowapata wenye mashamba wa Unguja na Pemba.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria, na mwenye shamba akahitaji fedha za kuwalipa wachumaji kabla hajauza karafuu zake. Mwenye fedha naye hakutaka kukopesha bure, na riba imeharimishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275, aya ile ile iliyohalalisha biashara. Basi mkopo ukaandikwa kwa jina la biashara.

Tuseme mtu anataka rupia 500. Humwuzia tajiri shamba lake kwa fedha hizo, kwa khiyari ya miaka 2: akizirejesha, shamba humrudia. Siku ile ile tajiri humkodisha yeye mwenyewe shamba hilo kwa rupia 60 kwa mwaka. Mwenye shamba hakuhama, hata jembe lake halikutoka pembeni! Hizo 60 ni nini? Na muda ukimpita, shamba la thamani ya rupia 1,500 limekwenda kwa 500.

Hila hii si ya kwetu peke yetu. Watu wa Bukhara waliiita bei ya wafaa, wa Hadhramaut bei ya uhda. Wanavyuoni wakahitalifiana. Kwa Imam Shafi kadhi huhukumu kwa dhahiri: sharti likitajwa ndani ya akdi huiharibu, likiafikianwa kabla yake haliidhuru, na ya moyoni hesabu yake iko kwa Mola. Imam Malik aliziba njia, akatazama jambo linaishia wapi. Na katika Maibadhi wapo waliosema kuwa mnunuzi aliyekusudia mazao tu, wala si shamba lenyewe, amekula riba. Mimi ni Shafi, na kauli ya Imamu ndiyo ninayoisomesha. Walakini nikifika kwenye zile rupia 60 ulimi huwa mzito.

Bei ya karafuu iliposhuka katika miaka ya 1930, madeni yaliwalemea wengi. Mwaka 1934 serikali ikatoa dikrii kuwa ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamie kwa mtu wa kabila jingine bila ya idhini. Hati ambayo kadhi angeliiona sahihi ikawa batili, si kwa ajili ya riba, bali kwa kabila la mnunuzi. Mwarabu aliyemkopesha Mwarabu mwenziwe kwa kodi ile ile, dikrii hiyo haikumgusa.