Walaji wa shaba na makuta shingoni mwa watoto

Mwaka 1926 Monsenyere de Hemptinne aliandika juu ya "walaji wa shaba" wa Katanga. Ndio wale wayeyushaji wa zamani: kula shaba ni kuishi kwa kazi ya shaba. Kambove jina hilo linatufaa, maana wakubwa wetu walichimba hapa mbele ya Wazungu kufika. Lakini kuna ulaji mwingine usioandikwa sana mu vitabu: ule wa mutoto anayemeza franga.

Misalaba mikubwa ya shaba iliyolipia mahari, hakuna mutoto angeimeza. Hatari iliingia na feza ndogo ya duara. Gari la moshi lilifika Kambove 1913, mishahara ikafuata, na visantimu vyenye tundu katikati. Mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuita wake za wafanyakazi wakae kambini. Watoto wakazaliwa kando ya mushahara. Mwaka 1961 serikali ya Tshombe ilitoa franga za shaba iliyochanganywa na bati, zenye picha ya ndizi na musalaba wetu. Aliyemeza ile alikuwa mulaji wa shaba kweli kweli! Kisha 1967 zikaja makuta, na hata leo feza yote tunaiita makuta. Franga ya 1998 ilitoka karatasi tupu, hata santimu. Bei zilizopanda ovyo wakati wa zaire zilitufanyia wema huo mumoja.

Na dawa? Nyumbani tulijua mbili: tonge la bukari na kupiga mugongo. Bukari ilikuwa ya mwiba wa samaki, na hata hapo inaweza kuuchoma ndani zaidi. Kwa makuta ni hatari bure. Mutoto aliyemeza makuta mara nyingi anapumua, lakini anatoka mate na kukataa chakula, sababu imekwama juu ya njia ya chakula, karibu na mtulinga. Asipewe kitu, asitiwe kidole, apelekwe lopitali. Huko munganga anafuata njia ya Gustav Killian, Mujerumani aliyetoa mufupa katika njia ya pafu kwa bomba mwaka 1897, na ya Chevalier Jackson wa Philadelphia: vitu 2374 alivyotoa vimewekwa katika Mütter Museum.

Kupiga mugongo ni habari nyingine. Mutoto asiyeweza kulia wala kukohoa hangoji lopitali: ainamishwe, apigwe mara tano katikati ya mabega. Bibi zetu walikuwa na haki. Isipotoka, mwenye zaidi ya mwaka abanwe tumbo juu ya kitovu mara tano, kama Heimlich alivyofundisha 1974. Muchanga abonyezwe kifua, tumbo lisiguswe.

Makuta imeondoka, lakini amekuja mwenzake mubaya zaidi: betri ndogo ya duara, ya telekomande na michezo ya watoto. Kwenye radio makuta inaonyesha duara moja, betri duara mbili, moja ndani ya ingine. Ikikwama mahali pa mate inapitisha umeme na kuunguza nyama kwa saa mbili tu, na toka Kambove mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 150. Mwaka 2018 waganga wa Philadelphia, muji ule ule wa Jackson, walionyesha kwa watoto wa nguruwe kwamba asali inapunguza kuungua huko. Haiondoi betri, na aliye chini ya mwaka mumoja haimufai. Kwa mukubwa kidogo anayemeza bado, saa 12 zisipopita, ni vijiko viwili vidogo kila dakika kumi, mwisho mara sita, gari likiwa linaenda. Asali ya miombo haikosi kwetu.