Sahani ya Jirani: Mkate wa Nyumbani Kutoka Ujiji Hadi Mutakura



Ndugu wapenzi wasomaji, na nyinyi wanafunzi wetu mnaosoma ukurasa huu pamoja na wazazi, leo tutazungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo: mkate unaookwa nyumbani na sahani inayofunikwa kitambaa ikapelekwa kwa jirani. Tukifuatilia safari ya sahani hiyo mpaka Mutakura, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, tutaona kuwa ndani yake mna historia ndefu, na mna mtihani pia.

Ngano yafika bara

Mkate wa ngano haukuwa chakula cha kawaida katika nchi za maziwa makuu. Watu walikula uwele, mtama, maharage, ndizi na baadaye mihogo na mahindi. Ngano ilikuja na njia ya misafara kutoka pwani. Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifungua vituo Unyanyembe, karibu na Tabora, kisha Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wasafiri waliopita Unyanyembe wakati huo waliandika kuwa Waarabu walikuwa wakilima ngano kwa ajili ya mikate yao. Ni lazima tuseme ukweli hapa: misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watumwa pia. Historia hatuichagui kipande kitamu peke yake.

Stanley alipokutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, aliandika katika kitabu chake jinsi walivyokaribishwa. Kwa ufupi, sahani zilianza kuingia kutoka nyumba za majirani: Said bin Majid alileta mikate ya moto ya nyama, Muhammad bin Sali akaleta kuku wa mchuzi, na Mwinyi Kheri akaleta nyama ya mbuzi na wali. Wageni hawa hawakuwa Waislamu, na hata hivyo sahani ziliwafikia. Baada ya siku chache wageni hao wawili walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini hadi mdomo wa mto Rusizi, yaani karibu kabisa na mahali ilipo Bujumbura leo.

Mji wa Waswahili kando ya ziwa

Ndani ya Burundi, misafara haikupenya kirahisi. Mwami Mwezi Gisabo alimzuia Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, asiiteke nchi yake. Kwa hiyo Uislamu na Kiswahili vilikaa zaidi ufukoni. Wajerumani walipojenga kituo chao cha Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na askari, wapagazi na wachuuzi waliosema Kiswahili. Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916, na chini ya utawala wao Waswahili walikaa katika mtaa wao, Buyenzi. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, Usumbura ukaitwa Bujumbura.

Angalieni lugha, wanafunzi. Mrundi anayesema *umukate*, *amandazi* na *isambusa* anatumia maneno yaliyokuja na Waswahili. Chakula kiliingia katika nyumba za watu wa dini zote, na jina lake likaingia nacho.

Moto juu, moto chini

Mama zetu hawakuwa na oveni. Walitumia mbabula ya makaa. Unga, mayai, sukari, samli na iliki huchanganywa, hutiwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, kisha hufunikwa. Makaa machache hubaki chini na makaa mengi huwekwa juu ya mfuniko. Siri yote iko hapo: moto wa chini ukizidi, mkate huungua kabla ya kuiva ndani, wa juu ukipungua, uso hubaki mweupe. Ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mtoto mmoja hupepea, mwingine huleta makaa, na bibi huketi karibu akinusa, maana pua yake ndiyo saa. Mkate ukifunuliwa, harufu huvuka ua. Jirani ameshajua!

Na hapa ndipo tunapokumbuka usia wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kwa Abu Dharr (Radhiya Allaahu 'anhu): akipika mchuzi aongeze maji, awaangalie majirani zake. Usia huo haukuweka sharti la kabila la jirani.

Sahani ilipokatika

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani. Katika miaka ya 1994 na 1995 mitaa ya kaskazini ya Bujumbura iligawanyika kwa kabila: Kamenge na Kinama zikabaki na Wahutu, Ngagara, Cibitoke na Mutakura zikabaki na Watutsi. Buyenzi nayo ilishambuliwa, lakini ilijulikana kama mtaa ambao watu wa makabila yote waliendelea kuishi pamoja. Mwaka 2015 Mutakura ilikuwa tena miongoni mwa mitaa ya maandamano na risasi, na familia nyingi za jiji zilikimbilia Rwanda na Tanzania.

Fikirini maana yake jikoni. Unaweza kuoka mkate wakati wa vita ukipata unga. Lakini utampa nani, ikiwa nyumba ya jirani imefungwa, au ikiwa mtoto haruhusiwi kuvuka barabara akiwa na sahani? Vita haikuvunja nyumba tu, ilivunja pia njia ya sahani.

Kazi iliyobaki kwetu

Leo Idd el-Fitri ni siku ya mapumziko ya taifa zima Burundi, ingawa Waislamu ni wachache. Siku hiyo sahani za mikate na sambusa huvuka tena nyua, Mutakura na kwingineko, na nyingi huingia katika nyumba za Wakristo. Nao wakati wa Krismasi huwakumbuka jirani zao. Wenye umri wanajua kuwa jambo hilo si la kuchukuliwa hivihivi, kwa sababu waliona miaka lilipokoma.

Basi wazazi, mnapooka mwishoni mwa wiki, gaweni mkate kabla haujapoa, na mtume watoto wenyewe waupeleke. Mtoto aliyewahi kugonga mlango wa jirani akiwa na mkate wa moto ni vigumu kumfundisha baadaye kumchukia aliyeufungua mlango huo. Na sahani ikirudi, kwa desturi yetu hairudi tupu.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) azihifadhi nyumba zetu na za majirani zetu, na ajaalie amani ya kudumu Burundi. Aamiyn.